Mahindi ya Makambako, maji ya Rufiji

Basi la Songea likiingia Makambako kutoka Dar es Salaam, abiria huanza kutafuta masweta. Mji huu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na upepo wake wa Julai hauna utani. Hapa barabara hugawanyika: mkono mmoja unaendelea Mbeya hadi mpakani Tunduma, mwingine unakata kusini kuelekea Njombe na Songea. Reli ya TAZARA nayo inapita papo hapo, baada ya kuparamia milima kutoka Mlimba. Wachuuzi hukimbilia madirishani na mahindi ya kuchemsha, viazi na parachichi, huku madereva wa malori wakinywa chai ya moto kabla ya kuendelea na safari.

Palipo na njia panda kama hiyo hapakosi ghala. Makambako ni makao ya moja ya kanda za Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ulioanza kazi mwaka 2008. Mahindi ya Wanging'ombe, Njombe, Ludewa na Iringa huletwa hapa yakawekwa akiba ya taifa, na akiba hiyo ndiyo hufunguliwa nchi inapopatwa na njaa, ukame au mafuriko.

Mkoa wa Njombe, uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, si wa kwanza kutajwa watu wanapozungumzia mafuriko. Ukiacha mwambao wa Ziwa Nyasa wilayani Ludewa, ambako milima ya Livingstone inashuka hadi majini, sehemu kubwa ya mkoa ni vilima, na mvua ikinyesha maji hayakai. Huteremka. Suala ni wapi yanakokwenda.

Mto Ruhuji, unaotengeneza maporomoko ya maji kando ya mji wa Njombe, unateremka hadi bonde la Kilombero. Mito ya Kilombero na Luwegu ikikutana huzaliwa Rufiji. Upande wa pili, safu ya Kipengere inalisha mito inayoingia Usangu na kuwa Ruaha Mkuu, ambao baada ya mzunguko mrefu nao huishia Rufiji. Kwa hiyo sehemu ya mvua inayolowesha viazi vya Uwemba leo, siku kadhaa baadaye inakuwa maji yanayopita mbele ya nyumba ya mtu wa Muhoro, karibu na Bahari ya Hindi. Njombe inapeleka bondeni vitu viwili, maji na chakula, na maji ndiyo hutangulia.

Mvua za 2024

Aprili 25, 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge jijini Dodoma kuwa mvua za El Nino zilikuwa zimeua watu 155, kujeruhi 236 na kuathiri zaidi ya watu 200,000 katika kaya zaidi ya 51,000. Rufiji na Kibiti zilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia vibaya. Vijiji vilizama, mashamba yakaenda na maji, na familia zikahamia kambi za muda sehemu za mwinuko. Mapema Mei ikawa zamu ya Ifakara, Mto Lumemo ulipofurika na kuingia mjini.

Lawama zilikuwepo. Wapo waliosema milango ya Bwawa la Julius Nyerere, kwenye Mto Rufiji, ilifunguliwa na maji yakawashukia watu. Serikali ikajibu kwamba mvua zilipita kiasi na kwamba Rufiji ilikuwa ikifurika tangu kabla ya bwawa kuwepo. Hoja hiyo ya pili ina ushahidi wa kihistoria. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 Serikali ya Mwalimu Nyerere iliendesha Operesheni Rufiji, ikawahamishia wakazi wa bondeni kwenye vijiji vya mwinuko. Hata hivyo watu hawakuacha kurudi bondeni kulima, kwa sababu maji yakipungua huacha tope lenye rutuba, na kilimo cha mlau kinachofuata ndicho kilichowalisha babu zao. Mto unaoharibu ndio huohuo unaolisha, na mpango wowote wa maafa usiokubali jambo hilo hukwama mapema.

Sasa chukua kalamu. Mgawo wa kawaida wa nafaka katika kambi za dharura ni takribani gramu 400 kwa mtu kwa siku, yaani kilo 12 kwa mwezi. Watu 200,000 wanahitaji tani 2,400 kwa mwezi. Hizo ni safari 80 za lori la tani 30. Kabla ya upanuzi wa miaka ya karibuni, maghala ya NFRA nchini yalikuwa na uwezo wa kuhifadhi tani 251,000. Hata katika mafuriko mabaya kama yale, basi, hesabu ya mahindi haikuwa tatizo. Malori 80 hupita Makambako kabla ya watu kumaliza chakula cha mchana.

Ugumu uko kwingine: barabara iliyokatika, daraja lililokwenda na maji, orodha ya waathirika isiyokamilika, boti zisizotosha, na mahindi yanayofika kambini yakiwa punje ilhali mashine ya kusaga ya kijiji imezama na kuni zimelowa. Njaa inaweza kumkuta mtu akiwa amekalia gunia zima.

Bambo, chekeche na mizani

Akiba hiyo hujengwa gunia kwa gunia. Msimu wa ununuzi ukifunguliwa, mara nyingi katikati ya mwaka baada ya mavuno kukauka, wakulima na mawakala hufika vituoni na magunia yaliyoshonwa midomo. Mkaguzi huchoma gunia kwa bambo, punje zikateremka kiganjani. Anaziangalia rangi, anazinusa, kisha anazitia kwenye kipima unyevu. Kiwango kinachokubalika katika Afrika Mashariki hakizidi asilimia 13.5. Unyevu ukizidi hapo, mwenye mali huambiwa akaanike tena, naye hutandika turubai, humwaga mahindi na kuyageuza kwa miguu siku nzima akiomba wingu lisije. Yakipita huchekechwa kutoa vumbi na punje zilizovunjika, hupimwa kwenye mizani, hufungwa kwenye mifuko ya kilo 50 na kupangwa ghalani, ambako hufukizwa dawa dhidi ya wadudu.

Mkulima aliyesafiri kilomita nyingi huona ukaguzi huo kama usumbufu. Lakini mwaka 2016 sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mahindi mabichi yakifungiwa ghalani huota kuvu, na chakula cha msaada chenye sumu ni maafa juu ya maafa.

Kuna msimu ambapo ghala lenyewe ndilo lililoshindwa. Mwaka 2014 mavuno yalikuwa makubwa mno katika mikoa ya kusini. Wakala ulinunua zaidi ya nafasi iliyokuwepo, mahindi yakarundikwa nje chini ya maturubai, na wakulima wakakaa miezi wakisubiri fedha zao. Mtu aliyeikopesha akiba ya taifa mahindi yake, huku mtoto amerudishwa nyumbani kwa ada, ana haki ya kuhesabiwa miongoni mwa waliotoa msaada, ingawa hakuna aliyempiga picha akikabidhi.

Misaada iliyokuja bila dharura

Hadithi ya Makambako na fedha za nje ni ya zamani, na karibu sehemu yake yote haikuitwa msaada wa maafa.

Ya kwanza ni reli. China ilitoa mkopo usio na riba, na kati ya mwaka 1970 na 1975 zikajengwa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, lengo kuu likiwa kuipatia Zambia njia ya baharini isiyopita kwenye tawala za makaburu na walowezi. Kipande cha Mlimba hadi Makambako kilikuwa kigumu kuliko vyote: mahandaki, madaraja marefu, na miteremko ambayo mpaka leo hushusha udongo relini mvua zikizidi. Ya pili ni barabara ya lami ya Makambako hadi Songea, iliyojengwa kwa msaada wa Uingereza katika miaka ya 1980. Kabla yake, mahindi ya Ruvuma yalikuwa yakingoja kiangazi ili yatoke.

Ya tatu ni vihenge vya kisasa. Poland ilitoa mkopo wa masharti nafuu wa dola milioni 55 kujenga vihenge na maghala katika maeneo manane, Makambako ikiwa mojawapo, pamoja na Songea, Sumbawanga, Mbozi, Mpanda, Dodoma, Shinyanga na Babati. Kampuni mbili za Poland, Feerum na Unia Araj, zilipewa kazi. Lengo lilikuwa kuongeza nafasi ya tani 250,000, yaani kukaribia kuirudufisha iliyokuwepo. Ujenzi ulichelewa kuliko ilivyopangwa, na wabunge walihoji. Lakini kihenge kikishasimama hakiulizi kilichelewa kwa nini. Kinapokea mahindi.

Linganisha na msaada uliokuja kwa haraka. Wazee wengi bado wanaikumbuka njaa ya katikati ya miaka ya 1970, ukame ulipoikausha nchi na Serikali ikalazimika kuagiza nafaka kwa meli. Mahindi ya njano kutoka Marekani yaliitwa yanga, na kupanga foleni ya unga wa yanga kulikuwa kazi ya siku nzima. Meli zile ziliokoa maisha. Ila nchi ilikuwa imefika mahali pa kungoja meli, na ni aibu hiyo, pamoja na hasara ya fedha za kigeni, iliyosukuma kuanzishwa kwa hifadhi ya nafaka ya kimkakati ambayo NFRA iliirithi.

Leo msafara wa mahindi unaelekea upande mwingine. Januari 2019 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilitia saini na NFRA mkataba wa kununua tani 36,000 za mahindi kwa Shilingi bilioni 21. Machi 2023, Kimbunga Freddy kilipoipiga Malawi na kuua mamia ya watu katika eneo la Blantyre na wilaya za kusini, Tanzania ilipeleka tani 1,000 za unga, blanketi 6,000, mahema 50, fedha taslimu dola 300,000 na helikopta za jeshi. Mwaka uliofuata ukame uliiunguza Zambia, na NFRA ikaingia mkataba wa kuiuzia nchi hiyo tani 650,000 za mahindi.

Angalia kilichopelekwa Malawi: unga. Aliyepanga mzigo ule alijua kuwa mtu aliyepoteza nyumba hana kinu. Ghala la punje peke yake ni nusu ya maandalizi. Nusu nyingine ni mikataba ya kusaga na kufungasha iliyowekwa saini kabla ya mvua, ili wenye mashine wa Makambako au Njombe wajue zamu yao siku simu itakapopigwa kutoka Dodoma.

Fedha za dunia zina mwendo wake

Novemba 30, 2023, siku ya kwanza ya mkutano wa tabianchi wa COP28 huko Dubai, mataifa yalikubaliana kuanzisha utekelezaji wa mfuko wa kufidia hasara na uharibifu unaoletwa na mabadiliko ya tabianchi. Siku tatu baadaye, Desemba 3, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka. Tope, mawe na magogo yakaingia Katesh na vijiji vya jirani mkoani Manyara, na watu 89 wakapoteza maisha. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano huohuo, alikatisha safari na kurudi nyumbani.

Mfuko uliopigiwa makofi haukuwa na njia ya kufika Katesh. Waliofika ni wanajeshi wenye mitambo, madaktari, wafanyakazi wa kujitolea wa Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, na majirani wenye majembe. Msalaba Mwekundu, ulioundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1962, una faida moja ambayo mashirika mengi ya kimataifa hayana: watu wake wanaishi palepale. Shirikisho lake la kimataifa nalo lina mfuko wa dharura tangu mwaka 1985 unaotoa fedha kwa chama cha nchi bila kusubiri harambee. Baadaye nyumba zaidi ya 100 zilijengwa kwa ajili ya walionusurika wa Hanang, nyingine na Serikali na nyingine na Msalaba Mwekundu.

Fedha za wafadhili zina tatizo jingine, nalo ni kwamba hukoma. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na FEWS NET, mtandao wa kutabiri njaa ulioanzishwa mwaka 1985 baada ya maafa ya Ethiopia, ukazimwa kwa miezi kadhaa. Wataalamu waliozoea kufungua ramani zake kujua bei na mvua za Afrika Mashariki waliamka na kukuta tovuti haifunguki. Julai mwaka huohuo shirika la USAID likafungwa rasmi. Reli, barabara na kihenge haviwezi kuzimwa hivyo. Hiyo ni sababu tosha kwa Tanzania, inapokaa mezani na wafadhili, kudai zaidi vitu vinavyobaki ardhini na vichwani mwa watu, na kidogo zaidi semina.

Bangladesh inaonyesha vitu hivyo ni vipi. Mwaka 1970 kimbunga cha Bhola kiliua huko watu wasiopungua 300,000. Nchi hiyo, iliyokuwa maskini sana, haikungoja itajirike. Kuanzia mwaka 1972 Serikali na Hilali Nyekundu walijenga jeshi la watu wa kujitolea ambao sasa wamepita 70,000, wenye vipaza sauti, bendera za ishara na baiskeli. Wakaongeza majengo ya kukimbilia, ambayo siku za kawaida ni shule. Mwaka 2020 Kimbunga Amphan kilipopiga, zaidi ya watu milioni 2 walihamishwa mapema, na waliokufa Bangladesh walihesabiwa kwa makumi.

Nani anamwambia nani

Tanzania haikosi maandishi. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji na mtaa. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ilitangaza uwezekano wa El Nino tangu Agosti 2023, miezi kadhaa kabla ya Hanang na Rufiji. Tangazo lilisikika redioni na kusambaa kwenye simu. Lililopungua ni hatua iliyofuata: tangazo la mkoa mzima kugeuzwa kuwa agizo la kitongoji kimoja, lenye jina la mahali pa kuhamia na mtu wa kuwapeleka wazee. Tume ya Dunia ya Kukabiliana na Mabadiliko ya Tabianchi ilikadiria mwaka 2019 kuwa tahadhari ya saa 24 tu inaweza kupunguza uharibifu kwa asilimia 30.

Katika bonde la Rufiji saa 24 si ndoto. Mvua kubwa ya Njombe huchukua siku kadhaa kufika chini. Vipimo vya maji kwenye Ruhuji na mito dada yake, vikisomwa kila siku, ni taarifa ya mapema kwa watu wa Malinyi, Ifakara na Muhoro. Huko juu nako kuna kazi isiyohitaji mfadhili: kuacha kulima vinyungu, yaani bustani za mabondeni, hadi ukingoni mwa vijito, kuondoa milingoti (mikaratusi) kwenye vyanzo vya maji, kulima kwa makinga maji kwenye miteremko ya viazi. Udongo uliobaki Njombe hauwezi kujaza mto Kilombero.

Ugumu ni kwamba mnyororo huu umegawanywa. Utabiri wa mvua uko chini ya Wizara ya Uchukuzi. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye makao yake Iringa, iko Wizara ya Maji. Milango ya bwawa iko Wizara ya Nishati, mahindi ya Makambako yako Kilimo, na uratibu wa maafa uko Ofisi ya Waziri Mkuu. Kila mmoja ana bajeti yake, inayosomwa Bungeni siku yake, kati ya Aprili na Juni, wakati ambao maji ya Rufiji mara nyingi bado yako juu.

Kabla mvua za msimu hazijaanza tena Novemba katika nyanda za juu kusini, ofisi hizo tano zingeweza kufanya zoezi moja la siku chache lisilogharimu sana. Kipimo cha Ruhuji kinaandikwa kimepanda. Ujumbe unatumwa. Makambako inapakia lori moja la unga, si punje, na lori linaanza safari kwenda Rufiji. Mwenye saa anahesabu: ujumbe ulimfikia mwenyekiti wa kijiji cha Muhoro baada ya muda gani, na unga ulifika lini. Balozi au mfadhili yeyote anayetaka kujua fedha zake ziwekwe wapi angepata majibu kwenye karatasi hiyo ya saa, pale ambapo safari ilikwama.